Nilivyosailiwa Mara Mbili

(Hotuba iliyotolewa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu na mwanachama aliyemaliza Kidato cha Nne mwaka 2009.)



Mwenyekiti ameniambia nina dakika kumi. Wale niliosoma nao wanakumbuka kuwa jina langu la utani lilikuwa Bwana Saa, na wanajua kwamba sitazidisha hata moja. (Kicheko)

Jina hilo halikuja bure. Hapa shuleni kengele ilikuwa rafiki yangu. Kengele ya kuamka, ya mstarini, ya masomo ya jioni, kila moja nilijua inaleta nini. Yaliyonishinda ni mambo yasiyokuwa na kengele. Humu bwaloni, sahani zikigongana na watu wote wakisema kwa pamoja, kichwa changu kilikuwa kama kinapasuka. Nilichukua ugali wangu nikaenda kuulia nyuma ya stoo. Wengi mlidhani naringa. Nilipozungumza na wakubwa bila kuwatazama usoni, ilisemwa kuwa nina kiburi, na viboko nilivipata.

Simlaumu mtu, maana hata mimi sikujijua. Nilikuja kujua mwaka 2011, nikiwa na miaka 18, baada ya kumfuata mama London alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi. Daktari alisema nina usonji. Huu si uchawi, wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtu unavyokua tangu utotoni. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hiyo mwaka 1943. Wenye usonji hatufanani: wako wasiosema kabisa, na wako wasemao sana kama mimi leo.

Mtaniuliza, mtu aliyeshindwa kula bwaloni alifuata nini katika maigizo? Jibu liko hapa hapa. Nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu wetu wa Kiswahili alinipa nafasi ya Shylock katika Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mwaka 1969. Jukwaani nilikuta kila jambo limepangwa: nani aseme, lini aseme, asimame wapi. Tena kuigiza nilikwisha kuzoea. Hata salamu zetu nilijifunza kama mchezo wa kuigiza: shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, za watoto, za safari. Kila swali lina jibu lake. Kule London mtu hukuuliza hali, na kabla hujamjibu amekwisha pita.

Basi mwaka 2012 niliomba kuingia katika mafunzo ya kundi moja la maigizo la vijana. Makundi ya namna hiyo kule yana historia ndefu. Mwaka 1956 mwalimu Michael Croft aliwakusanya wavulana wa shule ya Alleyn's, kusini mwa London, wakacheza Henry V ya Shakespeare. Hapo ndipo ilipozaliwa National Youth Theatre. Kundi nililoomba mimi lilikuwa dogo zaidi, na jina lake nitaliacha.

Katika fomu kulikuwa na mahali pa kuandika kama mwombaji ana ulemavu wowote. Mama alisema, "Mwanangu, ukiandika hilo watakufungia mlango kabla hujafika." Nikapaacha wazi.

Siku ya usaili tulikuwa vijana kama 30 katika ukumbi mmoja. Muziki ulikuwa mkubwa. Kiongozi akasema, "Tembeeni, mtazameni kila mnayepishana naye machoni." Kisha akasema, "Sasa ninyi ni dhoruba." Nikamwuliza, "Dhoruba ya nchi gani?" Kwa kweli nilitaka kujua, maana tufani ya baharini si sawa na upepo wa jangwani. Watu wakacheka. Nikaziba masikio, nikasimama pembeni.

Mchana nilitoa sehemu yangu ya dakika mbili mbele ya wasaili. Sikukosea neno. Ndipo mmoja akasema, "Vizuri. Sasa irudie kana kwamba unamweleza mtoto kituoni, mkingoja basi." Ndugu zangu, nilisimama pale kama nguzo. Maneno yote nilikuwa nayo, lakini sikupata hata moja la kuanzia. Baada ya wiki tatu barua ilikuja: sikuchaguliwa, kwa sababu sikuonyesha kushirikiana na wenzangu.

Mwaka ule ule mchezo wa The Curious Incident of the Dog in the Night-Time ulianza kuonyeshwa National Theatre. Unamhusu kijana ambaye mambo yake mengi niliyaona kuwa yangu. Nikajiuliza: watu wanalipa kiingilio kumtazama mtu kama mimi, je, mimi mwenyewe nitaruhusiwa kupanda jukwaani? Jibu moja lilipatikana mwaka 2017, pale Mickey Rowe, mwigizaji mwenye usonji, alipoicheza nafasi hiyo hiyo huko Marekani.

Mimi sikungoja mwaka huo. Mwaka 2013 niliomba tena kwa kundi lile lile, na safari hii nikaandika. Sikuandika "nioneeni huruma." Niliandika mambo manne: niuone ukumbi siku moja kabla, nipewe ratiba ya asubuhi kwa maandishi, niruhusiwe kutazama paji la uso badala ya macho, na niambiwe mapema sehemu yangu itageuzwaje. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inawataka wenye kutoa mafunzo wafanye marekebisho yenye kiasi kwa mtu mwenye ulemavu. Na hapa kwetu Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka huo huo.

Walinikubalia matatu. La nne walikataa. Walisema, "Kugeuza sehemu papo hapo ndiyo mtihani wenyewe. Tutakupa dakika moja ya kufikiri, lakini hatutakuambia mapema." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona wana haki. Nilichokosa mwaka wa kwanza ni mlango wa kuingilia. Mlango niliuomba, nao walikuwa na wajibu wa kuufungua. Lakini mtihani uwe mtihani, ama sivyo nisingejua kama nimefaulu.

Safari hii waliniambia, "Irudie kana kwamba umemficha mtu chini ya kitanda." Katika ile dakika moja nilikumbuka bweni letu, na kiranja akipita na tochi. Nikaanza. (Makofi) Nilichaguliwa.

Baadaye mwenzangu mmoja aliniambia nimeingia kwa huruma. Maneno hayo yaliniuma mpaka siku tulipoanza mazoezi, maana jukwaani huruma haimsaidii mtu kukumbuka zamu yake. Wala sisemi kwamba kusema kunafaulu kila mara. Kundi jingine niliwaandikia mambo yale yale, na mpaka leo hawajanijibu.

Ninyi wanafunzi, huenda yuko miongoni mwenu anayekula nyuma ya stoo. Msimwite mwenye kuringa. Mwulizeni ni kitu gani kinamsumbua, kisha mngojeni ajibu. Na wewe unayekula huko, jifunze kutaja unachohitaji, kimoja kimoja, kwa maneno ya wazi.

Kwenu ndugu wanachama nina ombi moja. Shule inapochagua waigizaji, wanaosimamia wabandike ubaoni siku moja kabla: tutaanza saa ngapi, tutafanya nini, kwa utaratibu gani. Gharama yake ni karatasi moja. Mkikubali, karatasi za mwaka huu nitazinunua mimi.

Mama yangu aliogopa mlango utafungwa. Siku ya onyesho letu la kwanza alikaa mstari wa mbele, na sare yake ya kazi mwilini.

Ndugu Mwenyekiti, imebaki nusu dakika. Nakurudishia. (Kicheko na makofi)