Chakula cha Nyumbu na Chakula cha Watu



Njaa ikiingia katika nchi, watu huuliza mvua itanyesha lini, tena huuliza ghalani kumebaki nini. Nyuma ya maswali hayo huja swali la tatu, nalo ni gumu kuliko yote mawili: Ni nani apasaye kuwalisha wenye njaa? Je, ni jirani kwa sadaka yake, au ni serikali kwa fedha ya kodi? Leo nataka kuwasimulieni jinsi swali hilo lilivyobishaniwa katika Marekani, nchi yenye mali nyingi, wakati wa ukame wa mwaka 1930 na 1931. Mtasikia kwamba waliokataa kutoa fedha ya serikali hawakuwa watu wasio na huruma. Walakini wenye njaa waliumia vile vile.

Katika mwaka 1930 mvua zilikosekana toka Virginia, upande wa mashariki, mpaka bonde la mto Mississippi. Jimbo lililoumia sana lilikuwa Arkansas. Watu wengi wa huko walilima pamba, wala ardhi haikuwa yao. Walilima katika mashamba ya matajiri kwa kugawana mavuno, wakikopa unga na nyama dukani mpaka siku ya kuuza pamba. Miaka mitatu kabla, yaani 1927, mto Mississippi ulikuwa umefurika na kuharibu mashamba mengi. Sasa jua likaikausha pamba, na hiyo kidogo iliyovunwa haikuwa na bei, kwa maana biashara ya dunia nzima ilikuwa imeanguka. Mwezi wa Novemba mabenki mengi ya Arkansas yakafunga milango. Mwenye duka hakuweza kukopesha tena, na mwenye shamba hakuwa na fedha. Hivyo mkulima akafungiwa kila mlango aliozoea kubisha.

Rais wa Marekani wakati ule alikuwa Herbert Hoover. Mtu huyu alijulikana ulimwenguni kote kwa kazi ya kulisha wenye njaa. Tangu 1914, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, alisimamia chakula cha watu wa Ubelgiji. Njaa ilipoingia Urusi katika 1921, Baraza Kuu la Marekani, liitwalo Kongresi, lilitoa dola milioni 20 kwa chakula na mbegu za Warusi, na kazi ile ikawekwa mikononi mwa Hoover. Basi watu walitazamia kwamba atawafanyia wenzake wa nyumbani kama alivyowafanyia wageni.

Naye hakukaa bure. Mwezi wa Agosti 1930 aliwaita magavana wa majimbo kushauriana. Makampuni ya reli yakapunguza gharama ya kuchukua chakula cha mifugo. Na Chama cha Msalaba Mwekundu kikatenga dola milioni 5. Mwezi wa Desemba shauri likaingia Kongresi. Wajumbe wa Seneti walitaka dola milioni 60 za kuwakopesha wakulima, pamoja na fedha ya kununua chakula cha watu. Rais na wafuasi wake wakapinga. Mwishowe sheria ikapita ya dola milioni 45, nazo ni kwa mbegu, mbolea, mafuta ya mitambo na chakula cha wanyama wa kazi. Chakula cha watu hakikutajwa. Yaani mkulima aliweza kukopa fedha ya serikali amlishe nyumbu avutaye plau, lakini hakuweza kukopa fedha ile ile amlishe mtoto wake. Wapinzani wa Rais hawakukawia kuionyesha aibu hiyo mbele ya watu wote.

Kwa nini mtu aliyewalisha Wabelgiji na Warusi alikataa? Imetupasa kuzisikiliza hoja zake kwa haki. Alisema kwamba kila mtu alitaka wenye njaa walishwe. Mabishano yalikuwa juu ya njia tu. Jirani akijua kwamba serikali italipa, atafunga mkono wake, na desturi ya kusaidiana, ambayo ni nguvu ya taifa, itakufa. Tena wajibu huanza kwa watu wa mahali, kisha wilaya, kisha jimbo, na serikali kuu ni ya mwisho. Tena mlango ukifunguliwa kwa ukame mmoja, kila mwaka watakuja wengine na haja zao, na hazina itageuka kuwa chombo cha kutafutia kura. Hata hivyo aliahidi kwamba sadaka zikishindwa kabisa, ataomba msaada wa serikali.

Hoja hizo hakuzibuni yeye. Alimtaja Rais Grover Cleveland aliyemtangulia. Katika mwaka 1887 wakulima wa Texas walipigwa na ukame, na Kongresi ikakubali kuwapa mbegu za thamani ya dola 10,000. Tarehe 16 Februari Cleveland akakataa kuitia sahihi sheria ile. Alisema haoni ruhusa yake katika Katiba, na kwamba ni wajibu wa raia kuitegemeza serikali, wala si wa serikali kuwategemeza raia. Kwa kweli watu walichanga, na Baraza la jimbo la Texas likatoa dola 100,000. Basi waliokuja nyuma wakalishika neno la Cleveland kana kwamba ni sheria.

Tarehe 3 Januari 1931 njaa yenyewe ikaingia katika mabishano. Katika Arkansas pana mji mdogo uitwao England. Siku hiyo wakulima mamia kadhaa walifika mjini kutaka chakula kwa ajili ya jamaa zao. Ofisi ya Msalaba Mwekundu haikuweza kuwapa, kwa kuwa karatasi za kuandikia maombi zilikuwa zimekwisha. Hebu fikirini, wasikilizaji: chakula kilikuwamo madukani, na wenye njaa walisimama mlangoni, lakini kilichokosekana kilikuwa karatasi. Wenye maduka waliogopa ghasia, wakatoa chakula kwa ahadi kwamba watalipwa na Msalaba Mwekundu, na wale watu wakaenda zao. Habari hiyo ikaenea katika magazeti ya nchi nzima.

Seneta Joseph Robinson wa Arkansas akashikilia kwamba serikali itoe dola milioni 25 zitumiwe na Msalaba Mwekundu. Seneti ikakubali. Ndipo likatokea jambo la ajabu: mkuu wa Msalaba Mwekundu, John Barton Payne, akasema kwamba chama chake hakizitaki. Wakati ule chama kilikuwa kikiwaomba watu wachange dola milioni 10, naye aliona kwamba serikali ikitoa fedha, wachangaji wataacha kuchanga. Baraza la Wajumbe likayakataa mapendekezo ya Robinson. Mwezi wa Februari pande zote zikapatana juu ya dola milioni 20 za mikopo kwa kutengeneza tena kilimo. Neno la chakula halikuandikwa, ila kila mtu alijua maana yake. Kiasi hicho kilikuwa sawa sawa na kile walichopewa Warusi miaka kumi kabla.

Sasa tuupime ugomvi huu. Sadaka ilifanya kazi kubwa. Msalaba Mwekundu uliwalisha zaidi ya nusu milioni ya watu katika Arkansas peke yake. Lakini kasoro zake zilionekana. Nyumba moja ikiungua, majirani huleta miti na makuti, na kabla ya mwezi kwisha mwenzao ana paa. Je, kijiji kizima kikiungua, nani atamletea nani? Ukame ni moto wa kijiji kizima. Kumwambia mkulima wa Arkansas awategemee jirani zake ilikuwa kumwambia awategemee watu wenye njaa kama yeye.

Tena, mwenye kupokea sadaka hana haki ya kudai. Matawi ya Msalaba Mwekundu mara nyingi yaliongozwa na wenye mashamba na wafanya biashara wa mahali pale, na baadhi yao waliogopa kwamba mtu aliyeshiba hatakubali kuchuma pamba kwa ujira mdogo. Mtu alitazama mkono wa bwana wake kwa kazi, kisha akautazama mkono ule ule kwa chakula.

Hata hivyo hofu ya wapinzani haikuwa ya bure. Fedha ya serikali inaweza kuliwa na wajanja, na msaada unaweza kugawanywa kwa upendeleo. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kuweka kanuni na hesabu. Kuacha kutoa si dawa. Tena kanuni ziwekwe kabla ya msiba. Waungwana wale walianza kutafuta kanuni wakati sufuria zilipokwisha kuwa tupu, na wahenga walisema: Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wamarekani wenyewe walijifunza, ijapokuwa polepole. Hoover alishindwa katika uchaguzi wa 1932, na mwezi wa Mei 1933 Kongresi ikatoa dola milioni 500 kwa kuwasaidia maskini na wasio na kazi. Katika 1950 ikatungwa sheria ya kudumu, imwezeshayo Rais kupeleka msaada wakati wa msiba pasipo kungoja Kongresi itunge sheria mpya kila mara. Lakini ubishi haukufa. Tufani iliyoitwa Sandy ilipiga pwani ya mashariki tarehe 29 Oktoba 2012, ikahitaji fedha kupita akiba iliyokuwapo. Wajumbe wengine walipinga kwa sababu ya deni la serikali, wakataka matumizi mengine yakatwe kwanza. Tarehe 15 Januari 2013 Baraza la Wajumbe likakubali, kura 241 kwa 180, na sheria ya dola bilioni 50 hivi ikatiwa sahihi tarehe 29 Januari, miezi mitatu kamili baada ya tufani.

Basi ninyi mnaonisikiliza, katika mwaka wa mavuno mema, watu wakiwa na shibe na moyo mtulivu, ulizaneni: Akiba yetu iko wapi? Nani ana ufunguo wake? Nani atahesabu mbele ya watu? Nani ana haki ya kupewa kwanza, mjane, mzee, au mwenye watoto wengi? Bishaneni hata mchoke, kisha mkate shauri na kuliandika. Ubishi wa mwaka wa shibe haumwui mtu.

Kwa herini.