Hati ya Muamana na Mafuta ya Jirani Zetu

Mwezi Machi 2023 serikali ya Kenya ilitiliana saini na makampuni ya mafuta ya Saudi Arabia na Falme za Kiarabu mapatano ya kununua mafuta kwa mkopo wa siku 180. Kabla ya hapo waagizaji walitakiwa kulipa dola siku chache tu baada ya meli kufika Mombasa, na dola zilikuwa zimeadimika katika mabenki ya Nairobi. Kilichowafanya wauzaji wakubali kusubiri ni hati ya muamana.

Hati hiyo ni ahadi ya benki ya mnunuzi kwamba muuzaji atalipwa, mradi alete nyaraka zilizotajwa ndani yake: ankara, hati ya shehena, na nyinginezo. Benki haiendi bandarini kupima mafuta. Kwa kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara ya mjini Paris, zilizoanza kutumika Julai 2007, benki hushughulika na nyaraka, si na bidhaa, nayo ina siku tano za kazi kuzikagua. Tarehe ya kupakia ikipitiliza, benki yaweza kukataa kulipa hata kama shehena yote imefika salama. Kinyume chake nacho ni kweli: nyaraka zikiwa safi na mafuta yakiwa machafu, benki italipa, na mnunuzi atatafuta haki yake kwingine.

Lakini hati haizai dola. Husogeza tu siku ya kuzitafuta. Anayeuza mafuta kwa shilingi leo na kudaiwa dola baada ya miezi sita hubeba mashaka ya thamani ya shilingi kwa muda wote huo. Na Januari 2024 shilingi ya Kenya ilivuka 160 kwa dola moja.

Kwa Uganda, isiyo na pwani, jambo hilo lilikuwa chungu zaidi. Wafanyabiashara wake walinunua kwa makampuni ya Kenya, nao hawakuwa na sauti katika bei wala masharti. Mwaka 2023 Kampala ilitunga sheria ya kulipa shirika lake la mafuta haki ya kuagiza peke yake. Kenya ilipochelewa kulipa leseni, Uganda ilifungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mwaka 2024 mambo yalisuluhishwa, na shirika hilo likaanza kuagiza lenyewe.

Wakati wa mvutano huo Kampala iliulizia njia ya Tanzania. Njia hiyo ipo, ingawa kwa malori ni ndefu kuliko ya Mombasa. Hata hivyo, muuzaji wa Ghuba hahesabu kilometa. Yeye atauliza hati imetolewa na benki gani, na kama haijui benki hiyo, atataka benki ya pili, aghalabu ya Ulaya au ya Ghuba yenyewe, iithibitishe. Na ada ya uthibitisho huo huingia katika bei ya kila lita.