Barua ya Chuo Kikuu, Makuta ya Chama na Vakansi za Watoto Wetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama, Uvira. Tumeyaandika karibu yote kama yalivyosemwa.



Komite imeniomba niseme juu ya programu za vakansi ambamo wanafunzi wa sekondari wanaingia chuo kikuu kufanya utafiti. Sababu mnaijua. Familia moja ya chama imeleta barua. Binti yao, anayesoma mwaka wa tatu wa umanite, ameandikiwa kwamba amechaguliwa kwenda wiki mbili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Nyumbani walifurahi sana, na ni haki yao. Lakini kwenye ukurasa wa pili kuna bei: dola 4,600, bila tikiti ya ndege, bila viza. Familia inaomba mfuko wa masomo usaidie. Leo mtapiga kura, na mtu hawezi kupiga kura vizuri juu ya kitu asichokijua. Basi tukijue kwanza.

Marekani vakansi kubwa ni kuanzia Juni mpaka Agosti, karibu sawa na kwetu. Wanafunzi wakubwa wanaenda kwao, vyumba vya kulala vinabaki wazi, lakini maabara hazifungwi. Walimu wa chuo wanaendelea na kazi yao. Hapo ndipo mambo mawili tofauti yanaingia katika majengo yale yale.

La kwanza ni programu zinazochagua kweli. Mfano unaojulikana zaidi ni Research Science Institute, inayofanyika MIT, karibu na Boston. Ilianza mwaka 1984. Inachukua wiki 6. Wanafunzi wanapata kwanza masomo makali ya siku chache, halafu kila mmoja anawekwa na mtafiti, anapewa swali moja, analifanyia kazi wiki 5, anaandika ripoti na anasimama mbele ya watu kuieleza. Masomo ni bure, kulala ni bure, kula ni bure. Mzazi anatafuta nauli tu. Wanaoingia ni kama mia moja hivi dunia nzima, na wale wa nchi za nje wengi wanapitia mpango maalumu wa nchi yao.

Mfano mwingine ni Telluride Association. Hawa wamekuwa na masomo ya vakansi ya bure tangu mwaka 1954. Hapo hakuna maabara. Vijana wanasoma vitabu, wanabishana, wanaandika, juu ya historia na juu ya haki za watu. Na wa nchi za nje wanaruhusiwa kuomba.

Wako pia wa hesabu: PROMYS ya Boston University, tangu 1989, na Ross, iliyoanza mwaka 1957. Kule mwanafunzi anapewa maswali ya namba kila siku, na hapewi jibu. Anatafuta mwenyewe, wiki 6, na kalamu na karatasi. Hizi mbili zina ada, lakini familia isiyo na uwezo inaweza kuomba ipunguziwe au isamehewe.

La pili ni biashara. Kampuni inakodi vyumba vya chuo kikuu wakati wa vakansi, inaajiri walimu wa muda, inatoa kofia na cheti. Jina la chuo liko kwenye karatasi, lakini chuo chenyewe hakikumchagua mtoto. Tena vyuo vikuu vyenyewe viko na masomo ya kulipia, maelfu ya dola kwa wiki chache. Sisemi wote ni wezi. Mtoto anaweza kujifunza kitu pale, na tajiri akitaka kumlipia wake, ni makuta yake. Ninachosema ni kwamba neno "umechaguliwa" katika barua ya namna ile mara nyingi maana yake ni "tumekubali makuta yako".

Na sasa biashara imeingia mpaka kwenye utafiti wenyewe. Mwaka 2023, waandishi wa ProPublica, shirika la habari la Marekani, walichunguza kampuni zinazolipisha wazazi ili mtoto wa sekondari afanyiwe utafiti na jina lake litokee kwenye jarida. Wazazi wanalipa maelfu ya dola juu wanaamini chuo kikuu kitamfungulia mlango. Kitu ambacho kilikuwa jasho la mtoto kimekuwa bidhaa.

Basi tutatofautishaje? Barua ikifika kwenu, ulizeni maswali manne. Moja: nani analipa? Programu inayotafuta akili inalipa yenyewe, au inamsaidia asiye na uwezo. Mbili: walimchaguaje? Kama hakuandika insha, hakuomba barua ya mwalimu, hakuonyesha pointi zake, basi hawakumchagua. Walipata tu adresi yake. Tatu: atarudi na nini? Ripoti yake mwenyewe ambayo anaweza kuisimamia, au cheti cha kutundika ukutani? Nne: ni nani anayeruhusiwa? Hili la nne ndilo linatuumiza sisi, na lazima tuliseme wazi.

Programu nyingi za bure za Marekani zinachukua raia wa Marekani au wenye kibali cha kukaa daima peke yao. Mtoto aliye Uvira, Baraka au Kalemie hawezi kuingia, hata awe wa kwanza katika jimbo zima. Kwa zile chache zinazokubali wageni, kuna Kiingereza. Watoto wetu wengi, hata waliosoma Nyarugusu, walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Halafu kuna viza: dola 185, ambazo hazirudishwi hata ukikataliwa, na mahojiano ni Kinshasa. Kutoka hapa mpaka Kinshasa hakuna barabara ya kupita, ni ndege. Ukihesabu vizuri, zile dola 4,600 ni mwanzo tu wa safari.

Lakini swali hili la nne lina upande mwingine. Ninyi ndugu mlioko Marekani, mnasikia? Aliyepelekwa kule kama mkimbizi, akimaliza mwaka mmoja anapaswa kuomba kibali cha kukaa daima. Watoto wenu wakishapata ile karatasi, milango mingi ya bure inafunguka. Wengi wenu hamuijui, juu mnafanya kazi usiku na shule haiwaambii. Milango inafungwa mapema sana: mingi ni kati ya Desemba na Februari, wakati watu wanafikiria baridi. Mkingoja mwezi wa tano, mtakuta imebaki ile ya kulipia. Ingieni kwa mshauri wa shule mwezi wa kumi, mumuulize kwa jina. Mtoto wa mpagazi wa nyama kiwandani ana haki ya kuomba sawa na mtoto wa daktari.

Sasa turudi kwa watoto wa hapa. Je, tuwaambie basi, ninyi utafiti si wenu? Hapana.

Niwape mfano wa mji wetu huu. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la PLoS Medicine lilichapisha utafiti juu ya maji na kipindupindu cha Uvira, uliofanywa na watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine pamoja na wenzao. Walifanya nini? Walichukua hesabu ya maji ambayo kiwanda cha Regideso kilitoa kila siku. Wakachukua hesabu ya wagonjwa walioingia senta ya matunzo kila siku. Kutoka 2009 mpaka 2014. Wakaziweka pamoja, siku kwa siku. Wakaona kwamba bomba likikauka siku nzima, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa wanaodhaniwa kuwa na kipindupindu wanaongezeka zaidi ya maradufu. Mama yeyote wa Uvira alijua kwamba maji yakikosa watu wanaugua. Lakini ile hesabu ndiyo inayosimama mbele ya wafadhili na kusema: bomba hili ni dawa.

Angalieni walitumia vitu gani: hesabu za madaftari mawili ambayo yalikuwa hapa hapa. Kujua namna ya kuyalinganisha ni elimu kubwa, sikatai. Lakini kuandika kila siku bila kuruka siku, bila kudanganya, ni kitu ambacho mtoto wa miaka 17 anaweza kujifunza. Na ndicho programu nzuri zote zinafundisha kwanza.

Tuko na ziwa lenye kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani kwa kina. Katika mwaka 2024 limepanda mpaka likaingia kwenye nyumba za watu. Tuko na ndagala na mukeke ambazo bei yake kila mama sokoni anaijua. Tuko na Centre de Recherche en Hydrobiologie hapa Uvira, ambapo watafiti wa Kongo wanafanya kazi juu ya ziwa hili kwa makuta kidogo sana. Watoto wetu wanapita mbele ya geti kila siku na hawajui ndani kunafanywa nini.

Kwa hiyo pendekezo langu, na komite imeliona, ni hili.

Kwanza, mfuko usilipe ile barua. Kumbukeni, shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini sekondari sivyo. Minervali ndiyo inawafukuza watoto darasani. Hatuwezi kuwatoa wengi ili mmoja akalale wiki mbili katika chumba cha kukodi.

Pili, tukikataa barua tusimkatae binti. Ameandika barua kwa Kiingereza alichojifunza mwenyewe, ametafuta mlango peke yake, hakumngoja mtu. Huyo ndiye tunayemtaka. Mfuko umlipie masomo ya Kiingereza mwaka huu, pamoja na intaneti, na mmoja wa ndugu walioko Marekani amsaidie kuandika insha kabla ya Desemba, kwa zile programu za bure zinazokubali wageni.

Tatu, katika vakansi kubwa zijazo tuanze yetu, hapa. Wiki 5, wanafunzi 8 wa mwaka wa tatu wa umanite, wasichana na wavulana nusu kwa nusu. Mwalimu mmoja wa bayolojia na mmoja wa hesabu, wapewe kitu cha kuwashukuru. Kila mtoto ana swali moja, na kaye moja. Mmoja aandike kila asubuhi urefu wa ziwa kwenye mti uliotiwa alama. Mwingine bei ya ndagala ufukweni na sokoni. Mwingine saa ambazo bomba la mtaa wake linatoa maji. Komite iende kubisha hodi kwenye kituo cha utafiti, iombe mtafiti mmoja awasikilize mara moja kwa wiki. Mwisho wasimame mbele yetu, kama tulivyo leo, waeleze walichokiona, na sisi tuwaulize maswali bila kuwahurumia. Ripoti zao tutazitia katika gazeti hili.

Gharama iko kwenye karatasi ambayo sekretari atawagawia: kaye, kalamu, mita ya kupimia, nauli ya walimu, chakula cha saa sita. Isomeni mstari kwa mstari. Anayeona tumeweka nyingi aseme, anayeona tumesahau kitu aseme pia.

Familia ya binti iko hapa kati yetu. Nimeongea nao kabla, sikutaka wasikie haya kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Baba yake ameniuliza swali moja: kama mfuko hautalipa, nani atamwambia? Nimemjibu kwamba tutamwambia pamoja, na tutamwambia siku ile ile tunayompelekea kaye yake ya kwanza. Basi Prezida, ninakuachia neno ili watu wapige kura.