Kibali Kimoja, Mto wa Misimu Miwili: Mabanio ya Usangu na Kukauka kwa Ruaha Mkuu



1. Utangulizi na maana za maneno

Nimeombwa nizungumzie uchangamano wa mifumo ya ikolojia na jamii, pamoja na wepesi wake wa kudhurika. Maana zake tunazijua sote, kwa hiyo nitazipita mbio. Mfumo changamano ni ule ambao ukigusa huku, kule kunaitika, tena kwa kuchelewa na kwa kiasi usichokitarajia. Wepesi wa kudhurika ni ukubwa wa pigo ukitoa uwezo wa kunyanyuka. Muda uliobaki naomba tuutumie Usangu, wilayani Mbarali, ambako nimehangaika na maji miaka mingi. Maoni haya ni yangu, si msimamo wa ofisi.

2. Mwamba wa N'giriama

Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe hushuka kutoka nyanda za juu, hupita kwenye mashamba ya mpunga, kisha huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea: mwamba wa N'giriama. Maji yakiupita mwamba, Ruaha Mkuu hutiririka hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na kuendelea hadi bwawa la umeme la Mtera. Yakishuka chini yake, hata kwa shibiri moja, mto hukatika, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna maji. Ndiyo maana mto ulipoanza kukauka hifadhini mwaka 1993, wengi waliona kama jambo la ghafla. Halikuwa la ghafla. Lilikuwa limejilimbikiza upande wa juu wa mwamba, shibiri kwa shibiri.

Tangu hapo tumetafuta wa kulaumiwa. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Ihefu. Sikusudii kuufufua mjadala wa kuondolewa huko. Nasema tu kwamba mto uliendelea kukauka. Wengine wameulaumu mfereji wa mashamba unaoachwa wazi kiangazi kwa mgawo wa umeme. Hapo nako tunabisha mlango usiohusika, kwa kuwa Mtera hujazwa hasa na maji ya masika, na jinsi bwawa linavyoendeshwa ina uzito wake. Anayeumizwa moja kwa moja na mfereji wa kiangazi ni Ihefu, hifadhi, na mwanakijiji wa mwisho wa mfereji.

3. Banio

Hapa ndipo ninapowaomba uvumilivu. Banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoingiza maji mferejini, kwa asili lilikuwa la miti, nyasi na udongo. Lilivuja, na mafuriko yalilibomoa. Tuliliita duni. Tukajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma, tukayaita bora, na kwa mkulima ni bora kweli, kwani hajengi upya kila mwaka. Lakini kule kuvuja ndiko kulikompa jirani wa chini maji yake. Banio la zege halivuji. Kiangazi linaweza kuubeba mto mzima.

Nimesimama kwenye banio moja mwezi Oktoba. Ubao wa kupimia kina ulikuwa umefukiwa na mchanga. Lango lilikuwa wazi, na mtoni, chini kidogo ya mdomo wa mfereji, viroba vya mchanga vilipangwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikamuuliza mzee aliyekuwa akivipanga:

"Shikamoo mzee. Na maji ya mtoni yako wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Ya mtoni ndiyo haya haya."

Hakuwa mwizi. Alikuwa na kibali. Kibali chake kilitaja lita kwa sekunde, namba moja, masika na kiangazi. Masika namba hiyo ni tone; kiangazi inaweza kuzidi mto wenyewe. Sehemu kubwa ya maji hayo hupotelea njiani kwenye mifereji mirefu ya udongo, ili wachache wapate maji ya nyumbani na wengine wawahi vitalu vya miche, maana mpunga wa mapema una bei. Nimeliandika hili katika taarifa nyingi. Hujibiwa kwamba limepokelewa.

4. Mapendekezo

1. Vibali vya kiangazi vitaje sehemu ya maji yaliyomo mtoni, si lita.
2. Kila banio liwe na kigawanyo cha wazi kinachopitisha fungu la mtoni bila kumsubiri mtu mwenye ufunguo.
3. Mabanio mapya yasijengwe kabla ya kuhesabu watakaokosa maji chini yake.
4. Vijiji vya mwisho wa mifereji vichimbiwe visima, ili mfereji usifunguliwe kwa ajili ya ndoo.
5. Jumuiya za watumia maji za mito ya juu na ya chini zipange pamoja tarehe za vitalu.
6. Ubao wa kupimia usafishwe, usomwe, na namba zibandikwe kijijini.
7. Kina cha maji N'giriama kiwe kipimo cha mafanikio yetu, badala ya idadi ya mabanio yaliyojengwa.
8. Narudia la kwanza: vibali vya kiangazi vitaje sehemu ya mto.

5. Hitimisho

Mengi katika mapendekezo haya hayahitaji sheria mpya. Tukikosa fedha za yote, naomba la sita lianze, kwa kuwa linahitaji koleo tu. Mto usiosomwa haugawiki.