Hotuba Juu ya Kukereza Bakuli za Mti Majumbani



Kazi ya kukereza si ngeni katika nchi zetu. Tangu zamani mafundi wa pwani walikereza matendegu ya vitanda, wakizungusha mti kwa uta na kamba. Siku hizi kerezo dogo la umeme laweza kukaa katika kibanda nyuma ya nyumba.

Mti nao tunao. Mgrevilea, wenye asili ya Australia, ulipandwa kati ya mibuni ili kuitia kivuli, na hata sasa wasimama mipakani mwa mashamba. Mhugu wa msituni hukua polepole, na wachongaji wameukata hata ukapungua. Kwa hiyo tangu miaka ya 1990 wamehimizwa kutumia miti ya shambani, kama mgrevilea na mwembe. Lakini mara nyingi sisi huupasua wetu kuwa kuni.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mti pia hukerezeka vizuri ungali mbichi, ila kazi isimalizwe siku hiyo. Gogo lipasuliwe katikati na kiini kiondolewe, maana ufa huanzia hapo. Bakuli la upana wa inchi 10 liachiwe unene wa inchi 1, kuta na kitako sawasawa, ili lisikauke upande mmoja na kupasuka. Kisha lifunikwe kwa karatasi, mbali na jua na upepo, na kila juma lipimwe kwa mizani. Uzito ukikoma kupungua, limekauka. Litakuwa limejipinda kidogo. Ndipo lirudishwe kwenye kerezo, likwanguliwe ndani kutoka ukingoni kwenda katikati, hata unene ubaki robo inchi.

Fundi na akunje mikono ya shati, avae kinga ya macho na kitambaa puani, na auzungushe mti kwa mkono kabla ya kuwasha umeme.

Kungoja huko ni kwa miezi kadhaa, na hapo ndipo penye jaribu. Kijana asiye na fedha hutamani kuuza bakuli bichi. Likipasuka mezani kwa mnunuzi, hatalaumiwa yeye peke yake. Itasemwa kwamba kazi ya Thika na Ruiru haifai. Basi twawaomba wazee mambo mawili: mkikata mgrevilea, wawekeeni vijana kipande cha shina, na msiwadai faida kabla mti haujakauka.