Mfuko wa Turubai Wenye Mikanda ya Ngozi: Ushonaji Wake na Hesabu Yake

Mada kwa vikundi vya ushonaji vya kata



Tangu tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mifuko mingi iliyochukua nafasi yake sokoni ni myepesi, na huchanika baada ya safari chache. Hapo ndipo palipo na nafasi ya fundi wa kata. Mfuko wa turubai la pamba lililopakwa nta, wenye mikanda ya ngozi, unaweza kubeba unga, viazi na ndizi kwa miaka. Hata hivyo, bei yake ni kubwa zaidi, na mnunuzi aliyekatikiwa na mkanda njiani harudi tena. Mada hii ina sehemu mbili: namna ya kuushona mfuko usikatike, na namna ya kuupigia hesabu usimtie fundi hasara.

Kitambaa na vipimo

Turubai linalohitajika ni la pamba, si la plastiki. Uzito unaofaa ni gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba. Zito kuliko hapo huishinda cherehani ya nyumbani pale kitambaa kinapokunjwa mara tatu. Pamba husinyaa, hivyo kitambaa kifuliwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa.

Kwa mfuko wenye kimo cha sentimita 36 na kitako cha upana wa sentimita 12, kipande kimoja cha sentimita 48 kwa 94 kinatosha. Kipande kimoja ni bora kuliko viwili, kwa sababu kitako hakitakuwa na mshono, na kitako ndicho kinachobeba mzigo wote.

Mshono

Kitambaa kikunjwe katikati, upande wa nje ukiwa ndani, kisha pande zote mbili zishonwe kwa kuacha sentimita 1.5 ukingoni. Uzi uwe wa poliesta, kwani uzi wa pamba huoza mapema ukipata unyevu. Sindano iwe namba 18, na hatua ya mshono iwe milimita 3.5 hadi 4. Mshono wa pili upite kando ya wa kwanza, na kingo zizungushiwe utepe zisifumuke.

Ili kupata kitako, kila pembe ya chini hufunguliwa na kubanwa bapa, mshono wa ubavuni ukilala katikati ya kitako. Hapo hupigwa mstari wa sentimita 12 wa kukatisha pembe, kisha mstari huo hushonwa mara mbili. Mwisho, mdomo wa mfuko hukunjwa sentimita 1, kisha sentimita 4, na kushonwa juu na chini ya pindo.

Nta

Nta hupakwa baada ya kushona, si kabla. Kitambaa chenye nta huifanya sindano inate, ilhali nta inayopakwa baadaye husaidia kuziba matundu ya sindano. Tanzania ina nta ya nyuki kwa wingi, hasa kutoka mikoa kama Tabora, Katavi na Singida. Wapo mafundi wanaoichanganya na nta ya mishumaa ili kupunguza gharama.

Nta iyeyushwe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Isiwekwe moja kwa moja juu ya moto. Ikishika moto, isimwagiwe maji hata kidogo: chombo kifunikwe kwa mfuniko mkavu na jiko lizimwe. Watoto wakae mbali. Nta iliyoganda kama sabuni husuguliwa juu ya kitambaa kwa tabaka jembamba, kisha hupashwa kwa draya ya saluni mpaka inywewe. Tabaka nene halisaidii. Hunata kwenye nguo za mbebaji wakati wa jua kali. Tone la maji likikaa juu ya kitambaa kama shanga bila kupenya, kazi imekamilika.

Mikanda

Hapa ndipo mifuko mingi huharibika. Ngozi ichaguliwe kutoka sehemu ya mgongo wa mnyama, kwani ngozi ya tumbo huvutika na mkanda hurefuka kwa mzigo. Mikanda miwili yenye upana wa sentimita 2.5, urefu wa sentimita 65 na unene wa takriban milimita 3 inafaa kwa kuvaa begani.

Ncha za kila mkanda zishuke sentimita 7 kutoka mdomoni, ili sehemu kubwa ya mshono iangukie kwenye pindo. Nyuma ya kila ncha, ndani ya mfuko, kiwekwe kiraka cha ngozi. Matundu yatobolewe kwa msharasi baada ya kupimwa na kuwekewa alama. Ngozi haina msamaha: tundu likishatobolewa halizibi. Aidha, matundu yakikaribiana mno, ngozi huchanika kwa kufuata mstari wake. Mshono wa sindano mbili, wanaoutumia mafundi viatu, ni imara kuliko wa cherehani, kwa kuwa uzi mmoja ukikatika mwingine hushikilia. Ripiti moja ya shaba katika kila ncha huongeza uimara.

Kabla ya kuuzwa, mfuko utiwe mchanga wa kilo 10 na utundikwe usiku kucha. Ulioshindwa usipelekwe sokoni.

Hesabu

Tuseme, kwa tarakimu za mfano tu, kitambaa ni shilingi 9,000, ngozi 8,000, nta 3,000, uzi na ripiti 2,000, umeme na nauli 1,500. Jumla ni 23,500. Kikundi kikiuza mfuko kwa 25,000, wanachama huona faida ya 1,500. Lakini fundi aliyeushona kwa siku nzima hakuhesabiwa. Ujira wake ukiwa 8,000, gharama halisi ni 31,500, na kila mfuko unaouzwa unaleta hasara ya 6,500. Kikundi cha namna hiyo kadiri kinavyopata wateja ndivyo kinavyodhoofika, na marejesho ya mkopo yanapofika hakuna wa kulaumiwa isipokuwa daftari. Ujira uandikwe kabla ya faida, hata pale fundi anapokuwa mwanachama mwenyewe.

Mahali pa kuanzia

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye pia huelekeza vikundi namna ya kujisajili na kuandika mpango wa biashara. Kwa mafunzo ya ushonaji na kazi za ngozi, vikundi vinaweza kuulizia vyuo vya VETA na ofisi za SIDO za mkoa.

Kikundi kinachokwenda kuomba mkopo kinashauriwa kubeba vitu viwili: mfuko mmoja uliokwisha kubeba mchanga usiku kucha, na karatasi ya hesabu yenye mstari wa ujira. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hata kizuri kikiuzwa chini ya gharama yake, humfilisi aliyekitengeneza.