Nani Atasoma Walichoandika?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mwalimu wa Kiswahili.)



Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya kazi yangu, nayo ni kufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa karibu na Ziwa Viktoria. Lakini mchana huu tutapiga kura juu ya fedha tulizochanga, na pendekezo lililoko mezani ni kuinunulia shule yetu kompyuta 40. Kwa hiyo nitasema juu ya jambo hilo hilo: kompyuta na intaneti zinaweza kumsaidia nini mtoto asiyesoma vizuri, na kwa masharti gani.

Huenda mkaniuliza, je, yuko mwanafunzi wa sekondari asiyejua kusoma? Ndugu zangu, yuko, tena si mmoja. Mpeni habari ya ukurasa mmoja, ataisoma kwa sauti bila kukwama. Mwulizeni mwandishi alitaka kusema nini, atainamisha kichwa. Mwambieni aandike insha, atawapa sentensi alizokariri tangu darasa la sita. Mtoto huyu si mjinga. Miaka yote ameandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, yaani mwalimu, na mwalimu mwenye insha 120 mezani huweka alama kwa kalamu nyekundu na kupita. Hakuna aliyepata kumwuliza, "Hapa ulikuwa na maana gani?" Na mtu asiyepata kuulizwa maana ya maneno yake hawezi kutafuta maana katika maneno ya wengine.

Sasa nieleze chombo chenyewe. Mwaka 1995 Mmarekani mmoja, Ward Cunningham, alifungua katika intaneti kurasa ambazo msomaji yeyote aliweza kuziandika upya. Aliziita kwa neno la Kihawaii, "wiki wiki", maana yake "haraka haraka". Sisi husema haraka haraka haina baraka, lakini hii ilikuwa nayo, kwani ndiyo iliyozaa Wikipedia mwaka 2001, na Wikipedia ya Kiswahili mwaka 2003. Siku hizi kurasa za namna hiyo ziko nyingi. Watu watano wanaweza kufungua ukurasa mmoja, kila mtu kwenye kompyuta yake, na anachoandika huyu kikaonekana na wale papo hapo. Pembeni pana nafasi ya kuandika maswali. Na ukurasa wenyewe hutunza kumbukumbu: mwalimu anaweza kurudi nyuma akaona nani aliandika nini, na sentensi ilikuwaje kabla haijasahihishwa.

Shuleni kwetu tuna kompyuta 8 na darasa la wanafunzi 60. Tumewagawa katika vikundi. Kila kikundi huandika kwanza kwenye daftari, kisha huingiza kazi yao katika ukurasa tunaoshirikiana na shule moja ya nyanda za juu kusini. Nitatoa mfano mmoja tu.

Kijana wa kidato cha pili, mtoto wa mvuvi, aliandika: "Dagaa huvuliwa usiku." Akaweka nukta, akaona amemaliza. Baada ya siku mbili akakuta swali pembeni kutoka kwa msichana wa kule milimani ambaye hajapata kuona ziwa: "Kwa nini usiku?" Kijana akacheka. Kwake hilo halikuwa jambo la kuulizwa. Lakini ilimbidi ajibu, na katika kujibu akaandika kwamba wavuvi huwasha taa, na dagaa huufuata mwanga wakakusanyika. Msichana akauliza tena: "Na mwezi ukiwaka?" Hapo kijana akaandika aya nzima: siku za mwezi mkubwa wavuvi wengi hupumzika, kwa sababu mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawaijali tena taa, na siku hizo nyumbani fedha huwa haba. Aliyeandika maneno matatu sasa alikuwa na ukurasa, na kila sentensi ilikuwa na kazi yake. Wala sikumfundisha mimi. Alifundishwa na msomaji aliyetaka kujua.

Tena msichana yule naye alifaidika. Ili aulize swali la pili, ilimlazimu asome jibu la kwanza kwa makini. Huo ndio ufahamu tunaoutafuta katika mitihani.

Wazee waliomo humu watasema jambo hili si geni, nami nakubaliana nao. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, kazi haikuishia kwenye kufundisha herufi. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Karibu watu milioni 2 walikaa katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na mwaka 1974 huku Kanda ya Ziwa likaanzishwa gazeti la "Elimu Haina Mwisho", ili waliojua kusoma karibuni wapate cha kusoma, wasije wakasahau. Waliopanga kazi ile walijua kwamba redio peke yake haimfundishi mtu. Inayofundisha ni kikundi kilichoizunguka, na kiongozi wa kikundi aliyeandaliwa.

Wenzetu wengine wamelijua hilo kwa gharama kubwa. Nchi ya Peru iliwagawia watoto wa shule za msingi vijijini kompyuta ndogo, kila mtoto yake. Mwaka 2012 watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika walitoa taarifa yao juu ya shule 319. Baada ya miezi kama 15, watoto waliopewa kompyuta hawakuonekana kuwapita wenzao katika mitihani ya lugha wala hesabu. Karibu shule zote hazikuwa na intaneti, na masomo darasani yaliendelea vile vile kama zamani. Kompyuta ilikuwapo, wa kumwuliza mtoto alichoandika hakuwapo.

Lakini upo pia mfano wa kutia moyo. Shirika la Saide la Afrika Kusini lilifungua mwaka 2014 maktaba ya intaneti iitwayo African Storybook. Mwalimu anaweza kuandika humo hadithi fupi pamoja na wanafunzi wake, kuichukua ya mwingine akaitafsiri katika lugha ya watoto wake, au kuipunguza maneno ili iwafae wanaoanza. Leseni yake ni huria, hivyo haombi ruhusa ya mtu. Kisha anaweza kuichapa kwenye karatasi na kuwapa watoto wa shule isiyo na umeme. Nasi tumepanga kuipelekea hadithi ya dagaa, itakapokuwa tayari, ili watoto wa darasa la tatu wa mahali pengine waisome.

Ndugu Mwenyekiti, nisiwafiche shida zake. Ya kwanza, katika kila kikundi yuko hodari mmoja atakayetaka kuwaandikia wote. Dawa yake ni ile kumbukumbu ya ukurasa, na mwalimu mwenye muda wa kuisoma. Ya pili ni kunakili. Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea programu zinazoweza kumtungia mtu insha nzima kwa dakika moja. Ndiyo maana sisi huanza na daftari, tena huandika juu ya mambo ya nyumbani, ambayo mashine haikuyaona. Ya tatu ni usalama wa watoto: ukurasa wetu haufunguki kwa watu wa nje, na kila anayeingia anajulikana na walimu wa pande zote mbili. Ya nne ni umeme na bando, na hizo mnazijua.

Sasa nije kwenye kura yetu. Naomba tusinunue kompyuta 40. Tununue 12. Fedha zitakazobaki zilipe ruta na intanenti ya miaka miwili, fundi wa kuzitunza mashine, na mafunzo ya walimu wa lugha wakati wa likizo, pamoja na posho yao. Bila hayo, chumba cha kompyuta kitafungwa kufuli, na funguo zitatunzwa kwa Mwalimu Mkuu mpaka siku ya wageni. Vyumba hivyo nimeviona.

Na ombi langu kubwa halina gharama. Humu ukumbini wamo madaktari, mahakimu, makanika, wakulima, na wahasibu waliostaafu. Nahitaji watu 30 watakaokubali kuandikishwa na shule, na kutoa saa moja kila juma kusoma walichoandika vijana hawa na kuuliza maswali. Msiwasahihishie tahajia; hiyo ni kazi yetu. Ulizeni tu kile ambacho kweli hamkijui. Hakimu amwulize mtoto wa mfugaji jinsi ng'ombe anavyotambuliwa akipotea. Daktari amwulize mtoto wa mama ntilie jinsi anavyojua wali umeiva bila kufunua sufuria. Mtoto akiona mtu mzima mwenye heshima zake anangoja jibu lake, ataandika.

Fomu za kujiandikisha ziko mezani kwa Katibu. Nawaombeni mpite pale kabla ya chakula.